Kiungo Kikigoma: Mafunzo Niliyopata kwenye Netibuku ya Steshenari

Mtu akibofya kiungo, nani akifungue? Kwenye simu mpya swali hili hulioni, kwa sababu limeshajibiwa kabla hujaitoa kwenye boksi. Kwenye netibuku iliyopita mikono kadhaa, ikawekewa vivinjari na watu tofauti kwa nyakati tofauti, swali hilohilo hujibiwa na sehemu nyingi za mashine, na kila sehemu ina jibu lake. Ndiyo maana mtu hubadilisha kivinjari chaguo-msingi kwenye mipangilio, akaona jina analolitaka limeandikwa pale, kisha kiungo cha kwanza anachokibofya kikafunguka kwingine kabisa.

Netibuku ninayoizungumzia iko Muheza, kwenye steshenari ya mama yangu mdogo. Ni ya kizazi cha Intel Atom N270, prosesa iliyotawala kompyuta hizi ndogo kuanzia mwaka 2008: kiini kimoja cha gigahezi 1.6, RAM ya gigabaiti 1, na kioo chenye pikseli 1024 kwa 600. Ndani yake kuna Linux ya Debian 12 yenye mazingira ya Xfce. Kazi yake ni ya steshenari yoyote: kufungua baruapepe ya mteja, kupakua kiambatisho, kuchapa, kutoa kopi, kujaza fomu ya mkopo wa chuo au ya ajira kabla siku ya mwisho haijapita. Kiungo kikigoma, foleni nayo inasimama. Mafunzo haya nimeyapata kwa kuitengeneza mashine hiyo, mara nyingine nikiwa dukani, mara nyingine kwa simu tu.

1. Chambua malalamiko kabla hujagusa kitu

Simu ikitoka Muheza, habari huwa moja: “Mwanangu, intaneti imekataa.” Chini ya sentensi hiyo hujificha hitilafu za aina nne. Huenda bando limekwisha. Huenda mtandao upo, ila kiungo kikibofywa hakitokei chochote. Huenda kiungo kinafunguka, lakini kwenye kivinjari kisichotakiwa. Au kivinjari kinachotakiwa kimefunguka vizuri, ukurasa ndio unaokataliwa. Aina ya pili na ya tatu ndizo zinazohusu chaguo-msingi. Ya kwanza na ya nne zina dawa nyingine, na ukizitibu kwa kubadilisha kivinjari utaongeza tatizo la tano.

Kwa hiyo mazungumzo yetu yamekuwa na utaratibu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Hii mashine yako hii…”

“Ukifungua kivinjari mwenyewe, ukaandika anwani, ukurasa unakuja?”

“Unakuja.”

“Na ukibofya kile kiungo kwenye baruapepe ya mteja?”

“Hapo ndipo inaponiletea ile ya zamani, halafu inasema imepitwa na wakati.”

Kwa majibu hayo mawili najua mtandao ni mzima na kivinjari ni kizima. Ugonjwa uko katikati, kwenye njia inayotoka kwenye kiungo kwenda kwa kivinjari. Swali linalofuata ni kiungo kimebofywa wapi: ndani ya baruapepe, ndani ya hati ya PDF, kwenye ikoni ya dunia iliyo kwenye paneli, au ni faili la HTML lililo kwenye folda? Njia hizi nne hazipiti mlango mmoja. Andika kwenye karatasi ipi inafanya kazi na ipi inapotea. Orodha hiyo ndogo ndiyo itakayokuonyesha faili la kufungua.

2. Iulize mashine kabla ya kuiamuru

Kuuliza si ujinga, na kwenye Linux ni bure. Fungua teminali, andika amri hizi moja baada ya nyingine:

xdg-settings get default-web-browser
xdg-mime query default x-scheme-handler/http
xdg-mime query default x-scheme-handler/https
xdg-mime query default text/html

Hakuna hata moja inayobadilisha kitu. Kila moja inarudisha jina la faili linaloishia na .desktop, yaani kile kikaratasi kinachoiambia mashine programu inaitwaje, inaanzishwaje, na inaweza kufungua nini.

Kwenye mashine ya Muheza, amri ya kwanza ilijibu firefox-esr.desktop. Ya pili ikajibu hivyohivyo. Ya tatu ikataja kivinjari cha zamani, ambacho mwenye mashine wa awali alikuwa amekiweka. Ya nne ikataja kihariri cha maandishi. Dirisha la mipangilio, wakati huo, lilikuwa linaonyesha Firefox, kana kwamba hakuna ugomvi wowote. Mtu aliyeishia kwenye dirisha lile angeapa kwamba kila kitu kiko sawa, na asingekuwa anasema uongo. Aliuliza sehemu moja tu kati ya nyingi.

3. Chaguo-msingi ni rundo la majibu

Tunasema “kivinjari chaguo-msingi” kwa umoja, lakini ndani ya mashine hakuna kitu kimoja cha namna hiyo. Kuna jibu la viungo vinavyoanza na http, jibu la vinavyoanza na https, jibu la mafaili ya HTML yaliyohifadhiwa kwenye diski, na mengine. Jibu moja likienda kombo, dalili zake zinachanganya: tovuti chache zinafunguka vizuri, nyingi zinapotea, na mtumiaji anadhani ni tabia ya tovuti.

Hitilafu ya https ndiyo inayouma zaidi siku hizi. Zamani tovuti za kawaida zilitumia http, na https ikaachiwa benki na kurasa za nywila. Tangu Let's Encrypt ianze kutoa vyeti vya bure mwishoni mwa mwaka 2015, hata tovuti ya kikundi cha kwaya ina https. Kwa hiyo mashine yenye jibu sahihi la http na jibu bovu la https itakuonyesha ubovu karibu kila unapobofya.

Dawa ni kuyajibu yote kwa amri moja:

xdg-mime default firefox-esr.desktop x-scheme-handler/http x-scheme-handler/https text/html

Baada ya hapo rudia maswali ya somo la pili. Amri iliyopita kimya haimaanishi imetii. Kisha jaribu kwa macho:

xdg-open https://example.org

Natumia example.org kwa sababu anwani hiyo imetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, na ukurasa wake ni maandishi machache tu, hivyo hauli bando na hauichoshi mashine. Ukifunguka kwenye kivinjari unachokitaka, njia ya https imenyooka.

Kuna jibu moja ambalo huwa siligusi: x-scheme-handler/mailto. Hilo ni la viungo vya kuandika baruapepe, na wenyewe ni programu ya baruapepe.

4. Jua jibu linaandikwa wapi, na nani ana kauli ya mwisho

Kwa mtumiaji wa kawaida, majibu mengi yako kwenye faili la maandishi linaloitwa mimeapps.list, ndani ya folda iliyofichwa ya .config. Ukilifungua unaona mistari ya namna hii:

[Default Applications]
x-scheme-handler/http=firefox-esr.desktop
x-scheme-handler/https=firefox-esr.desktop
text/html=firefox-esr.desktop

Ni faili la kusomeka. Mtu asiyejua programu hata moja anaweza kuona mstari uliokaa vibaya. Utaratibu wake umewekwa na freedesktop.org, mradi unaosaidia mazingira mbalimbali ya Linux yaelewane, na kanuni yake ya msingi ni rahisi: faili la mtumiaji linashinda faili la mfumo mzima. Ila kuna faili jingine la jina hilohilo kwenye .local/share/applications, mahali pa zamani, ambapo baadhi ya programu bado huandika. Ukikuta mawili yanapingana, hamishia mistari muhimu kwenye lile la .config, na la zamani lihifadhi pembeni.

Xfce nayo ina daftari lake. Ikoni ya dunia kwenye paneli haiendi kuuliza mimeapps.list, inaendesha exo-open --launch WebBrowser, na jibu linatoka kwenye helpers.rc, ndani ya .config/xfce4. Hapo ndipo unapopata kioja cha ikoni kufungua kivinjari kimoja na baruapepe kufungua kingine, kwenye mashine moja, kwa mtumiaji mmoja.

Chini kabisa Debian ina mfumo wake wa update-alternatives, wenye jina x-www-browser, unaotumiwa hasa na programu za teminali na zile za zamani. Amri ya kuubadilisha ni sudo update-alternatives --config x-www-browser, nayo inakuletea orodha yenye namba uchague.

Mwisho kuna programu zenye kumbukumbu zao binafsi. Programu ya baruapepe ikishaulizwa siku moja “ufungue na nini?” na mtu akaweka alama ya kukumbuka, haitauliza tena, wala haitajali umebadilisha nini kwenye mfumo. Humo unaingia kwenye mipangilio ya programu yenyewe, unafuta jibu la zamani, unaiacha iulize upya. Ukiona njia zote zimenyooka isipokuwa moja, anza na kumbukumbu ya programu hiyo.

5. Programu ikiondoka, jina lake hubaki

Kuondoa kivinjari cha zamani kunaonekana ndiyo njia fupi: kisipokuwepo, hakitafunguka. Lakini kukiondoa hakufuti mstari uliokitaja kwenye mimeapps.list. Ni mpangaji aliyehama bila kuaga: wageni wake wanaendelea kugonga mlango uleule.

Kinachofuata hutegemea bahati. Mfumo ukikuta jina halina mwenyewe, unatafuta programu nyingine yoyote inayodai kuweza kufungua kitu hicho. Inaweza kuwa kivinjari kizuri, inaweza kuwa kihariri cha maandishi, inaweza kuwa kimya. Ukisakinisha programu mpya kesho, mshindi anaweza kubadilika, na mwenye mashine anaona ina mapepo.

Kuhakiki ni rahisi. Chukua jina lililotajwa, kisha angalia kama lipo:

ls /usr/share/applications | grep -i firefox

Andika mahali pa firefox jina unalolitilia shaka. Lisipotokea hapo, wala kwenye .local/share/applications, mstari wake ufute au uuandike upya. Angalia pia tahajia. Kwenye Debian jina ni firefox-esr.desktop, kwenye mifumo mingine ni firefox.desktop. Watu hunakili maelekezo ya mfumo mwingine neno kwa neno, wakaandika jina ambalo kwao halipo, na mashine haiwaambii lolote.

6. Jibu lisiposhika, angalia mwenye faili na nafasi ya diski

Dalili yake ni hii: kila kivinjari kikifunguliwa kinauliza kama unataka kiwe chaguo-msingi. Unakubali. Kesho kinauliza tena. Wengi hukasirika na kuizima ile alama ya kukagua, na kelele zinaisha, lakini tatizo linabaki. Kivinjari kinauliza kwa sababu kila kikikagua hakilikuti jibu lake. Lilipokelewa, halikuandikwa.

Sababu ya kwanza ni umiliki. Mtu akihariri mipangilio kwa sudo, faili linaweza kuishia kuwa mali ya root, yaani msimamizi wa mfumo, na mtumiaji wa kawaida hawezi tena kuliandika. Angalia hivi:

ls -l ~/.config/mimeapps.list

Ukiona root mahali ambapo pangepaswa kuwa na jina la mtumiaji, lirudishe kwa sudo chown, ukitaja jina la mtumiaji na faili. Na amri za xdg-settings na xdg-mime usiziendeshe kwa sudo hata siku moja. Ukifanya hivyo unamchagulia root kivinjari, wakati anayebofya viungo dukani ni mtu mwingine.

Sababu ya pili ni ya netibuku zenyewe. Asus Eee PC 701 ya mwaka 2007, iliyoanzisha mtindo huu, ilitoka na hifadhi ya gigabaiti 4. Hata zilizofuata, zile zenye diski ya SSD, nyingi hazikuwa na nafasi ya kutupa. Hifadhi ikijaa, faili dogo la mipangilio linaweza kushindwa kuandikwa, au likabaki tupu. Amri ya df -h itakuonyesha asilimia iliyotumika. Ukikuta 100, safisha kwanza: sudo apt clean huondoa vifurushi vya usakinishaji vilivyokwisha kazi, na folda ya .cache ya mtumiaji mara nyingi ina mzigo mkubwa wa kivinjari. Ukishapata nafasi ndipo uchague kivinjari upya. Steshenari huwa na mgonjwa mwingine hapa, folda ya upakuaji iliyojaa vyeti na picha za wateja. Kuifuta kunaokoa nafasi na kunalinda siri za watu kwa pamoja.

7. Kitufe kinaweza kuwa chini ya ukingo wa kioo

Kuna siku nilikuwa namwelekeza mama mdogo kwa simu. “Chini kulia kuna kitufe cha kukubali, bofya.” Akajibu, “Mwanangu, chini kulia ndipo kioo kinapoishia.” Alikuwa sahihi. Madirisha mengi ya mipangilio yametengenezwa kwa vioo vyenye urefu wa kwenda chini unaozidi pikseli 700. Kwenye kioo cha pikseli 600 sehemu ya chini inakatika, pamoja na kitufe chenyewe. Mtumiaji anachagua kivinjari, haoni pa kuthibitisha, anafunga dirisha kwa alama ya X, na chaguo lake linapotea.

Kwenye Xfce shikilia kitufe cha Alt, bofya popote ndani ya dirisha, livute juu. Litapita ukingo wa juu wa kioo, na vitufe vya chini vitajitokeza. Ukishindwa, bonyeza Tab taratibu hadi kitufe kilichofichika kifikiwe, kisha Enter. Hii inahitaji kujua mpangilio wa dirisha, kwa hiyo itumie pale tu unapolifahamu. Kwa mashine za namna hii mimi naona teminali ni rafiki kuliko madirisha. Mstari mmoja wa amri unaenea kwenye kioo chochote.

8. Mashine nzito ya kuitika usiihesabu kuwa imekataa

Firefox ikiwa imefungwa kabisa, kuianzisha kwa RAM ya gigabaiti 1 kunachukua muda. Mteja amesimama, mtu amebofya, hakuna kilichotokea, anabofya tena, na tena. Baadaye madirisha yanamiminika kwa pamoja, RAM inaisha, mashine inaganda, na hukumu inatolewa kwamba viungo havifunguki. Kabla ya kuhukumu, fungua top kwenye teminali, bofya kiungo mara moja tu, uangalie kama jina la kivinjari linapanda juu ya orodha. Likipanda, njia ni nzima, subiri. Dawa ya dukani ni kufungua kivinjari asubuhi na kukiacha wazi, na kusakinisha zram-tools ili sehemu ya RAM itumike kwa kubana data badala ya kuikimbizia diski.

Ni hapa pia ambapo kivinjari chepesi kinavutia. NetSurf inafunguka haraka mno kwenye Atom, na kwa kusoma makala inatosha. Lakini uwezo wake wa JavaScript ni mdogo, na fomu za maombi, kurasa za nywila na baruapepe za mtandaoni zinaitegemea JavaScript kwa kila hatua. Ukiifanya kuwa chaguo-msingi, viungo vyote vitafunguka haraka na kazi haitafanyika. Kigezo changu kimekuwa kimoja: chaguo-msingi kiwe kile kinachomaliza kazi kwa viungo vingi zaidi vinavyoletwa dukani. Chepesi kikae kwenye paneli kwa ajili ya anayekitaka.

Na kabla ya kutamani kivinjari chochote, andika uname -m. Ikijibu i686, mfumo wako ni wa biti 32, na N270 haiwezi kuvuka hapo. Google iliacha kutoa Chrome kwa Linux ya biti 32 mwezi Machi 2016, kwa hiyo faili la Chrome utakalopakua leo halitasakinika hata ulibembeleze.

9. Ukurasa ukikataliwa, tazama saa

Kuna hitilafu inayojifanya ya kivinjari: kila tovuti inatoa onyo kwamba muunganisho si salama. Watu hubadilisha chaguo-msingi, na kivinjari cha pili kinatoa onyo lilelile. Tazama tarehe kwenye kona. Netibuku za umri huu betri yake ndogo ya kutunza saa, kwenye nyingi ni CR2032, imekwisha zamani. Umeme ukikatika na betri kubwa ikiwa imekufa, saa inarudi nyuma. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayoamini tuko miaka ya nyuma inakiona cheti cha leo kuwa hakijaanza kutumika.

Amri ya timedatectl inaonyesha saa na kama imelinganishwa na mtandao. Kama haijalinganishwa, sudo timedatectl set-ntp true inaiwezesha. Saa ikiwa sahihi na onyo bado lipo, mtuhumiwa wa pili ni mfumo wa zamani mno. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi kilichoitwa DST Root CA X3 kiliisha muda, na mashine nyingi ambazo hazikuwa zimesasishwa zikaamka zimefungiwa nje ya tovuti zinazotumia Let's Encrypt. Hapo tiba ni kusasisha mfumo.

10. Kwenye Windows kanuni ni ileile, ila mlango una mlinzi

Netibuku nyingi zilitoka na Windows XP, na kuanzia 2009 zikaja na Windows 7 Starter. Kwenye hiyo Windows 7 nenda Control Panel, kisha Default Programs. Usiishie kwenye kuchagua kivinjari. Ingia kwenye “Choose defaults for this program”, na utaona HTTP, HTTPS, .htm na .html kila kimoja na kisanduku chake. Rundo la majibu ni lilelile la somo la tatu. Tangu Windows 8, jibu la mtumiaji linahifadhiwa pamoja na msimbo wa kuthibitisha, ili programu isijipachike yenyewe kimyakimya. Ndiyo maana siku hizi kivinjari hukuongoza hadi kwenye mipangilio, kikakuachia ubofye mwenyewe.

Ulinzi huo una historia. Anayeshika nafasi ya chaguo-msingi anashika watu wengi wasiobadilisha kitu. Serikali ya Marekani iliishitaki Microsoft mwaka 1998, na kuunganishwa kwa Internet Explorer na Windows kulikuwa kiini cha kesi. Ulaya, Microsoft ilikubali kuwaonyesha watumiaji orodha ya vivinjari wachague, kuanzia mwaka 2010. Orodha hiyo ilipokosekana kwenye Windows 7 SP1, Tume ya Ulaya iliitoza faini ya euro milioni 561, Machi 2013. Ukijua fedha zilizoko nyuma ya kile kidirisha cha “nifanye chaguo-msingi”, utakisoma vizuri kabla ya kubofya.

11. Chagua kwa kuangalia tarehe ya mwisho ya kivinjari

Kufikia mwanzoni mwa 2013 Asus na Acer walikuwa wameacha kutengeneza netibuku, na programu nazo zimekuwa zikizifungia milango mmoja mmoja. Kwa Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109, na tawi la mwisho la Firefox ni 115 ESR. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Mwaka huohuo Mozilla ikatangaza kwamba inaacha kutengeneza Firefox kwa Linux ya biti 32, huku tawi la ESR 140 likiendelea kupata viraka hadi mwaka 2026.

Maana yake kwa duka ni hii. Kivinjari kisichopata viraka kinaweza kubaki kwenye mashine, lakini kisiwe ndicho kinachopokea kila kiungo kinacholetwa na wateja usiowajua, kwenye kompyuta ambayo watu wanaingizia nywila zao. Siku viraka vitakapokoma, netibuku ya Muheza itaacha kufungua viungo. Itabaki na kuchapa, kuskani na kutunza hesabu za duka, kazi ambazo Atom ile inazimudu bila shida. Baruapepe za wateja zitahamia kwenye kompyuta ya biti 64, ya mtumba nayo itatosha. Mama mdogo ameshaanza kuitengea fedha, na ameniagiza nikienda kuinunua nihakikishe mambo mawili: uname -m ijibu x86_64, na kitufe cha kukubali kionekane chote.